Wasanii wa wimbo mmoja: hivi ni wao ama ni sisi?

kinanda_malindi

Jamani hamjambo. Mie napiga kinanda kwa bendi ya hoteli huku Casuarina, Malindi, mwaka wa tisa sasa, tuko wanne, mimi, gita, ngoma na dada wa kuimba. Mambo ni yale yale kila usiku. Tunaanza saa moja na nusu na vitu laini laini watu wakila, ikifika saa tatu hivi mgeni anainuka na glasi yake anakuja mpaka kwa kinanda, ananiinamia kaa mtu ana siri ataka kunipa, kumbe ataka Jambo Bwana. Tushaipiga saa mbili lakini yeye alikua hajashuka kutoka chumbani. Bas twapiga tena. Krismasi iliyopita kuna siku tuliipiga mara nne, sio maneno tu, mpiga ngoma wetu alikua anachora mstari wa chaki kwa spika kila tukimaliza na asubuhi mistari iko pale minne.

Sasa juzi tumekaa kwa mama wa mahamri karibu na soko, ubishi ukaanza. Jamaa mmoja wa tuktuk akasema Them Mushrooms, wenye hio Jambo Bwana, ni bendi ya wimbo mmoja. Nikamwambia we acha, hao watu wameanza Mombasa 1972, wamepiga rege, chakacha, benga, taarab wamefanya na Malika, hujui unachosema. Akanambia haya, taja wa pili. Nikamtajia Nyambura. Pale mezani kila mtu anaujua Nyambura, mwengine mpaka akauimba na chai mdomoni, lakini hakuna hata mmoja aliyejua ni wao. Nikanyamaza, nikalipa chai yangu nikaondoka.

Sasa nauliza nyinyi. Wako wanamuziki gani wengine waliofaulu kweli, wamefanya kazi miaka na miaka, halafu watu wamebaki na wimbo wao mmoja tu kichwani? Sio wale wa kuvuma wiki mbili wakapotea. Na hivi nani huamua kuwa ni mmoja, manake mie naona Jambo Bwana imewala wenyewe.

dijei_mstaafu

Hapa umenigusa kaka, mie nilikua dijei wa disko Malindi miaka ya tisini mpaka 2003 na hao watu ndo walikua wananilisha. Nikupe mfano wa kwanza, Macarena. 1996 huwezi kumaliza usiku bila Macarena, mpaka maaskari wa getini wanajua mikono inaenda wapi. Watu walidhani ni vijana, kumbe Los del Río ni wazee wawili wa Kihispania na suti zao, wanaimba pamoja tangu miaka ya 60, na ile tulokua tukicheza sisi ilikua imetengenezwa upya na watu wa Miami, ya kwanza yenyewe ni pole pole zaidi. Huko Marekani ilikaa namba moja wiki 14. Wiki 14! Sasa nenda uulize mtu wimbo wao mwengine.

1999 ikaja Mambo No. 5. Lou Bega, huyu watu wangu wa pwani nyinyi wenyewe mngemchukua, babake ni Mganda na mamake ni wa Sisilia, yeye kazaliwa Munich. Yaani nusu Kampala nusu Mtaliano, angekuja hapa Malindi angepewa nyumba. Na ule muziki sio wake wa mwanzo, ni wa Mcuba Pérez Prado, wa 1949, yeye akatia maneno na majina ya wasichana.

2002 sasa ndo ikaja ile ya Ketchup. Hapo nilikua nimechoka kusema kweli lakini utafanyaje. Wasichana watatu ndugu kutoka Córdoba, na wamejiita Ketchup sababu baba yao ni mpiga gita wa flamenko anaitwa El Tomate, yaani Nyanya. Hio nilicheka siku nilipoisikia. Na yale maneno ya kiitikio tulokua tukiyaimba hapa kwa nguvu zote tukidhani ni Kihispania, si Kihispania wala si chochote, ni mtu anaiga Rapper's Delight, ile rap ya wale Sugarhill Gang wa Marekani, bila kujua Kizungu. Mie nilikua na mteja akinambia amejua Kihispania kwa ajili ya wimbo ule.

Lakini swali lako la nani anaamua, angalia hawa a-ha wa Norway. Marekani wakisikia a-ha ni Take On Me bas, namba moja 1985, hakuna kitu kingine. Uingereza sasa, wimbo huo huo ulikwama namba mbili, na ule uliowafuata ndo ukaenda namba moja, na wakawa na nyimbo nyingine kibao. Watu wale wale, sauti ile ile, bahari tu ndo iko katikati.

guida_wa_gede

Ciao wote. Mimi ni mwongoza watalii, Kitaliano ndo kazi yangu, na hii mada ilinitia aibu mbele ya mzee mmoja wa Kitaliano nikiwa nampeleka Marafa.

Tumetoka Malindi asubuhi, mzee na mkewe nyuma, mimi mbele na dereva. Nikataka kuchangamsha gari nikamwambia signore, sisi hapa twampenda sana Modugno, yule wa wimbo mmoja, Volare. Wallahi mzee akavua miwani. Akanambia huyo unayemuita wa wimbo mmoja ameshinda Sanremo, yale mashindano ya nyimbo ya Taliani, mara nne, na kaigiza, na kawa mbunge, na huo wimbo jina lake sio hata Volare. Akaanza kuimba. Barabara ile ni vumbi na matuta mnaijua wenyewe, gari linaruka, mzee anaimba, mkewe anamsahihisha maneno, tumefika kwa yale magenge mekundu kaimba nyimbo nane za Modugno na hajarudia. Mimi najua moja.

Nikaenda kusoma baadaye. 1958 alishinda Sanremo nao, akapelekwa Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, akawa wa tatu, ukasikika Marekani mpaka ukapata Grammy ya rekodi ya mwaka, na hio ndo ilikua mara ya kwanza kabisa hizo Grammy kutolewa. Kwa hivo dunia ikachukua huo mmoja ikaenda zake. Taliani wakabaki na mengine yote.

Na mwengine ni Toto Cutugno, huyu wewe wa kinanda lazima unampiga, L'Italiano. Ule wimbo 1983 Sanremo haukushinda, ulikua wa tano. Na yeye alikua keshashinda tayari 1980 kwa wimbo ambao hapa Malindi sijawahi kuusikia, na 1990 akashinda Eurovision kabisa. Amefariki 2023, na hapa kuna mkahawa mmoja siku hio waliupiga kutwa nzima, huo mmoja tu, mpaka mhudumu akawa anaitikia bila kujijua.

Kwa hivo mimi jibu langu, wimbo mmoja ni ule ulopanda ndege. Zile nyingine ziko nyumbani hazina pasipoti.

mwenye_tuktuk_77

Mie ndo huyo jamaa wa tuktuk 😂 kinanda umekuja kunisema huku! Na chai hukulipa yangu.

Nasimama pale pale. Kama watu hawajui ni wako si wako. Mie kwenye tuktuk yangu nyuma nimebandika picha ya Bob Marley na maneno Don't Worry Be Happy, sasa huyo ndo mwanamuziki, ukitaja wimbo mmoja nakutajia ishirini.

dijei_mstaafu

Tuktuk pole lakini nitakuumiza. Don't Worry Be Happy sio ya Bob Marley. Ni ya Bobby McFerrin, Mmarekani, 1988, na Bob alifariki 1981. Na tena sikiliza vizuri ule wimbo, hakuna gita, hakuna ngoma, hakuna besi, kila kitu mle ndani ni mdomo wake yule bwana na kujipiga piga kifua. Ana Grammy kumi, anaongoza mpaka okestra za mavaiolini. Huyo sasa amenyang'anywa hata huo mmoja, na wewe ni mmoja wa walomnyang'anya, unatembeza ushahidi Malindi nzima.

mwenye_tuktuk_77

Wacha.

Nimeuliza abiria wawili leo wote wamesema Bob Marley. Stika haitoki, nimelipa mia tatu.

BintiLangoni

Asalam aleykum. Nimewasoma kutoka Lamu, na nimeona mpaka sasa mmetaja wanaume na wale wasichana wa ketchup tu, hamjamtaja Mama Afrika.

Miriam Makeba ukimtaja popote mtu atakuimbia Pata Pata. Marekani ulivuma 1967 japo alikua ameuimba kwao Afrika Kusini miaka ya nyuma. Na yeye mwenyewe hakuficha, alikua akisema huo wimbo hauna maana kubwa, ni wa kucheza tu, na angependa ajulikane kwa zile nzito. Mwanamke aliyesimama Umoja wa Mataifa 1963 akasema habari ya ubaguzi, akanyang'anywa uraia wa kwao, miaka zaidi ya thelathini hajakanyaga nyumbani, halafu akipanda jukwaani watu wanapiga kelele Pata Pata. Na aliuimba kila mara. Mie hapo ndo huniuma, sio kusahauliwa, ni kukumbukwa vibaya.

Sisi huku mimi huimba vugo harusini, na mamangu aliimba, na nyanyangu. Tunagonga zile pembe, tunaimba usiku kucha, na nyimbo nyingine zina maneno ya kukata maini mpaka wenye kuimbiwa hulia. Ukiniuliza nani kautunga huu sijui. Mamangu hajui. Kuna mmoja nyanya alikua akisema kautunga jirani yake, nikaenda Matondoni nikaukuta wanawake wa huko wanasema ni wa kwao. Sasa kinanda unalia kuwa hawa watu wamebakiwa na wimbo mmoja, huyo jirani ya nyanya, kama ni yeye, hata huo mmoja hana jina juu yake.

mzee_mkunguni

Wanangu salama. Huyu binti kasema neno. Mimi yeo nimeketi hapa Mkunguni na simu ya mjukuu, macho hayaoni vizuri, mkiona makosa nisameheni.

Mwaitaja Jambo Bwana, nami nitaitaja Malaika. Fadhili William, Mtaita, na vijana wake wa Jambo Boys, ndio walioirikodi ikajulikana, mwanzo mwanzo wa miaka ya sitini. Kisha Makeba akaiimba, Boney M wakaiimba, Kidjo akaiimba, na kila mzungu aliyekuya pwani akaiimba vibaya. Lakini mpaka amefariki 2001 watu wakibishana wimbo huu ni wa nani hasa, yuko alosema ni wa Mtanganyika Adam Salim, yuko alosema ni wa Grant Charo. Yaani mtu ana wimbo mmoja duniani, na huo mmoja una kesi.

Na Daudi Kabaka mwamkumbuka? Helule Helule. Waingereza Tremeloes waliuchukua 1968 ukaingia katika nyimbo ishirini bora za kwao. Huko kwao ukimtaja Kabaka hawamjui, wajua hao vijana wao. Hapa kwetu Kabaka ni mwenye twist, nyimbo zake ukizianza jioni hazishi.

Lakini mzee wa kusikitikia zaidi kwangu mimi ni Fundi Konde, sababu yeye ni wa huku kwenu, Mgiriama. Kaenda Burma vita vya pili vya dunia na KAR, jeshi la Waingereza la huku kwetu, karudi akapiga gita, akaimba Tausi, akaimba Majengo Siendi Tena, sauti tulivu, maneno yake hayana haraka. Kisha miaka mingi kimya, hakuna amuitae. Mwajua nani alomrudisha studio? Hao hao Them Mushrooms mnaowaita wa wimbo mmoja. Walimchukua mzee wakaimba naye nyimbo zake upya, miaka ya tisini hapo mwanzo, na vijana ndipo wakajua kulikua na mtu. Mwenye wimbo mmoja kamuokoa mwenye nyimbo kumi. Sasa kinanda mwanangu, pesa za Jambo Bwana na jina la Jambo Bwana ndilo lililofungua mlango huo, usiitukane sana.

Taarab siitii humu. Zein l'Abdin wetu, mzaliwa wa hapa Lamu, ukimwambia mtu wa Lamu ni wa wimbo mmoja atakuuliza wewe ni wa kabila gani.

guida_wa_gede

Mzee shikamoo. Hio ya Fundi Konde sikuijua na mimi natoka Ganda hapa, aibu ya pili kwangu wiki hii.

samaki_na_chapati

Mie naona mnawaonea huruma bure. Wimbo mmoja unaodumu ni shamba la minazi, haujali umelala ama umeamka. Chukueni Manu Dibango, Soul Makossa. 1972 Cameroon wana kombe la mataifa ya Afrika, akaambiwa tunga wimbo wa mpira, akautunga, na upande wa pili wa santuri akaweka hio Soul Makossa kujaza nafasi tu. Wa mpira hakuna aukumbukae. Huo wa kujaza nafasi ukafika New York, na yale maneno yake ya kurudiarudia Michael Jackson akayatia kwa wimbo wake 1982 bila kumuuliza, Dibango akafungua kesi wakamalizana nje. Baadaye Rihanna tena, kesi tena. Mtu ana zaidi ya miaka hamsini ya kazi, saksafoni mpaka amekufa na korona 2020, nusu ya dunia inajua maneno manne yake na inadhani ni ya Michael. Lakini kalipwa. Mie mtu akinipa wimbo mmoja kaa huo nitafunga hiki kibanda kesho.

BintiLangoni

Kaka samaki, kalipwa sababu alikua na wakili. Na jina lake liliandikwa kwa ile karatasi ya katikati ya santuri. Ndo nasema.

Kinanda mdogo wangu, wewe una maiki kila usiku. Kwani mkianza wimbo mwasema ni wa nani?

kinanda_malindi

Bi, umenishika. Hatusemi. Miaka tisa sijawahi kusema. Dada anasema tu "and now, Jambo Bwana" na watu wanapiga makofi kaa ni wa kwetu, na bahasha ya tipu tukipewa hatujawahi kumrudishia mtu.

Kwa hivo juzi Ijumaa nikaamua. Baada ya Jambo Bwana ya kwanza nikachukua maiki, nikasema kwa Kiingereza changu na Kitaliano cha kuombea maji, huu tulioupiga ni wa Them Mushrooms, umetungwa na Teddy Kalanda Harrison, umetoka 1982, sio ule Hakuna Matata wa katuni ya simba, ule wa simba ni mwengine kabisa wa 1994. Na huu unaokuja pia ni wao. Tukapiga Nyambura. Gita alikua hajaupiga siku nyingi akakosea kidogo kule mwanzo, hakuna alogundua.

Sasa sikilizeni. Meza ya nyuma kulikua na familia imetoka Nairobi, mama mmoja akasimama na kijiko mkononi akasema, "Ala! Kumbe hata huu ni wao?" akaanza kucheza pale pale kati ya meza, na mpishi wa pilau akatoka jikoni akasimama mlangoni na aproni yake akawa anaitikia, yule hatoki jikoni hata umeme ukipotea. Nikaona leo nimefanya kazi.

Tukamaliza. Mzee wa Kitaliano ambaye muda wote ule alikua akitingisha kichwa na kusema bella, bella, akainuka na glasi yake, akaja mpaka kwa kinanda, akaniinamia. Akanambia bendi hii ni nzuri sana, hawa Mushrooms, sasa amewajua, je naweza kumpigia ule wao mwengine.

Nikamuuliza upi.

Tukaupiga. Mpiga ngoma akatoa chaki yake, nikamwambia agawe ile spika mara mbili. Kushoto kuna mistari miwili, kulia kuna mmoja. Tuktuk njoo Ijumaa uhesabu mwenyewe, na chai nitalipa.